Mtoto wa Kiyahudi na Kumbukumbu ya Maangamizi: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mwalimu

Mwaka mmoja, kwenye darasa letu dogo la Jumapili hapa Nairobi, nilimpa mtoto wa miaka tisa kadi yenye jina la mvulana wa Thessaloniki, Ugiriki. Ilikuwa na jina, umri na mji, basi. Akaisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi mengine, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu alikuwa anapenda kula nini?"

Sikuwa na jibu. Ila tangu siku ile nimeijua kazi yangu. Mtoto haanzi kwa kutaka kujua yule mvulana alikufaje. Anaanza kwa kutaka kujua alikuwa nani. Sisi watu wazima ndio tunaokimbilia kifo.

Mwongozo huu ni wa wazazi Wayahudi wanaolea kwa Kiswahili, wa walimu wenye mwanafunzi Myahudi darasani, na wa mashangazi na madada wa nyumbani wanaoshinda na watoto hawa na ndio huulizwa maswali kabla ya mtu mwingine yeyote. Maangamizi ninayoyasema ni yale ambayo Wayahudi huyaita Shoah, na dunia huyaita Holokosti: mauaji ya Wayahudi takriban milioni 6 yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani na washirika wao. Kati ya hao, watoto walikuwa karibu milioni 1.5.

Hatua ya 1: Jiweke sawa wewe kwanza

Mtoto hukusoma usoni kabla hajasikia neno lako. Ukianza kusimulia jambo ambalo wewe mwenyewe hujapata kulikalia, atakachobaki nacho ni hofu yako. Kulia si kosa. Likikujia chozi mwambie tu, "Nalia kwa sababu nawakumbuka watu wetu," kisha uendelee.

Uwe na mfululizo wa mambo kichwani. Januari 30, 1933 Hitler anakuwa kansela wa Ujerumani. Mwaka 1935 Sheria za Nuremberg zinawavua Wayahudi uraia. Usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, 1938 masinagogi yanachomwa na maduka ya Wayahudi yanavunjwa. Septemba 1, 1939 Ujerumani inaivamia Poland na vita vinaanza. Kuanzia Juni 1941, majeshi yake yanapoingia Umoja wa Kisovieti, vikosi vya mauaji vinawapiga Wayahudi risasi kwa maelfu. Huko Babyn Yar, Kyiv, watu 33,771 waliuawa kwa siku mbili tu, Septemba 29 na 30. Kisha kambi za maangamizi: Chełmno, Bełżec, Sobibór, Treblinka, Majdanek, Auschwitz-Birkenau. Mei 8, 1945 Ujerumani inasalimu amri. Haya ni ya kwako. Si ya mtoto wa miaka sita.

Halafu ujue habari hii inaugusaje ukoo wenu, maana Wayahudi si wa asili moja. Kuna mtoto ambaye mama wa nyanya yake aliuawa Poland. Kuna ambaye babu yake alifika Kenya miaka ya 1930 akikimbia Ujerumani. Kuna wa asili ya Libya, ambako mwaka 1942 Wayahudi wa Cyrenaica walipelekwa kambi ya Giado na zaidi ya 500 wakafa, wengi kwa homa ya chawa (tifasi). Na kuna wa Abayudaya, kule karibu na Mbale, Uganda, ambaye hana ndugu aliyekufa Ulaya, lakini wazee wake wanakumbuka jinsi Idi Amin alivyoipiga marufuku dini yao na kuyafunga masinagogi yao. Usimtungie mtoto ukoo wa Ulaya asiokuwa nao. Mwambie kweli: hawa ni watu wetu kwa sababu sisi ni Wayahudi, kama vile unavyomlilia jirani wa mtaa wenu hata kama si wa tumbo moja.

Hatua ya 2: Fungua kalenda mapema

Siku kuu ya kukumbuka ni Yom HaShoah, tarehe 27 ya mwezi wa Nisani wa kalenda ya Kiyahudi. Bunge la Israeli liliichagua mwaka 1951, na sheria yake ikapitishwa 1959. Jina lake kamili ni Siku ya Kukumbuka Maangamizi na Ushujaa, na huo ushujaa ni ule wa vijana wa Geto la Warsaw, Poland, mtaa walimofungiwa Wayahudi, walioanza kupigana Aprili 19, 1943, mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi. Kwa kuwa mkesha wa Pasaka haukufaa kuwa siku ya maombolezo, kumbukumbu ikasogezwa mbele hadi baada ya sikukuu. Mwaka 2026 ni Aprili 14. Mwaka 2027 ni Mei 4. Huanza jioni iliyotangulia, kama siku zote za Kiyahudi. Ikigusana na Sabato husogezwa: ya Ijumaa hurudi Alhamisi, ya Jumapili hupelekwa Jumatatu.

Ziko siku nyingine mbili. Januari 27, siku Auschwitz ilipokombolewa mwaka 1945, Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2005 kuwa ya dunia nzima, na ofisi zake za hapa Gigiri huiadhimisha. Na tarehe 10 ya mwezi wa Tebethi ni ya familia za kidini: siku hiyo husomwa Kadishi, sala ya waombolezaji, kwa ajili ya wale ambao hakuna ajuaye walikufa siku gani.

Kwa nini mapema? Kwa sababu mtoto atasikia, utake usitake. Atasikia kwenye sinagogi, kwa kaka yake, kwa mwenzake ndani ya basi la shule. Muulize mwalimu wake wiki mbili kabla ni nini kitasemwa darasani. Kama mnaishi au mnakwenda Israeli, kuna jambo zaidi: saa 4:00 asubuhi ving'ora hulia nchi nzima kwa dakika mbili, magari husimama katikati ya barabara na watu hushuka wakasimama wima. Kwa mtoto ambaye king'ora kwake maana yake ni kukimbilia chumba cha kujificha, hiyo ni hofu kubwa. Mweleze siku moja kabla kwamba cha kumbukumbu hulia kwa sauti moja iliyonyooka, haipandi wala kushuka kama ile ya hatari. Mfanyieni hata mazoezi nyumbani: wewe lia "uuuuuu" ya kunyooka, yeye asimame. Siku ikifika, mshike mkono.

Hatua ya 3: Fundisha kama mnavyofundisha kwenye Seda

Huna haja ya kubuni njia mpya. Nyumba ya Kiyahudi tayari ina usiku mmoja kila mwaka ambao mtoto mdogo kuliko wote ndiye huuliza na wakubwa hujibu. Ni usiku wa Seda, mlo wa ibada wa kufungua Pasaka, na uko siku 12 tu kabla ya Yom HaShoah. Haggada, kitabu cha usiku huo, kinataja watoto wanne: mwerevu, mkaidi, mnyofu na yule asiyejua kuuliza. Kila mmoja hupewa jibu lake. Nimefundisha miaka mingi na bado sijaona mpango wa somo unaouzidi huo.

Mwerevu anataka tarehe, majina ya miji, sababu. Mpe. Mnyofu anauliza, "Hii ni nini?" Mpe sentensi mbili. Asiyejua kuuliza, Haggada yasema: wewe mfungulie. Washa mshumaa mbele yake, unyamaze, umngoje. Na yule mkaidi, kijana wa miaka kumi na minne anayesema, "Kila mwaka ni haya haya, yananihusu nini mimi?" Haggada inamjibu kwa ukali. Mimi kwenye jambo hili siwezi. Mara nyingi kijana anayesema hivyo ameogopa, au ameshiba maneno makubwa ya wazee. Mpe kazi ya mikono: atafute jina moja, asome barua moja, awashe mshumaa yeye.

Sheria inayotoka hapo ni moja: jibu swali lililoulizwa, ukome. Mtoto akiomba maji mpe kikombe, usimfungulie bomba. Akitaka zaidi ataomba tena, hata kama ni baada ya miezi mitatu, mkiwa njiani kutoka sokoni. Torati yenyewe yaagiza watoto wafundishwe uketipo nyumbani na utembeapo njiani, na maswali mazito kwa kweli huja njiani.

Hatua ya 4: Pima maneno kwa umri

Chini ya miaka sita. Hapa hakuna habari ya mauaji ya halaiki. Kuna mshumaa, kuna picha ya mama wa nyanya akiwa msichana, kuna neno "tunakumbuka". Akiuliza yuko wapi, sema: "Alikufa zamani sana, kabla mimi sijazaliwa. Watu wabaya walimwumiza. Watu hao hawapo tena. Sisi tunampenda, ndiyo maana tunawasha mshumaa." Tahadhari na Kiswahili chetu cha adabu. Tumezoea kusema marehemu "amelala" au "amesafiri". Kwa mtoto wa miaka minne, aliyelala ni kama atakavyolala yeye usiku wa leo, na aliyesafiri ni kama baba anayekwenda Mombasa kesho. Sema "alikufa".

Miaka sita hadi tisa. Sasa simulia kisa cha mtoto mmoja, na kiwe cha mtoto aliyepona. Hiki si kumdanganya kwamba wote walipona. Utamwambia wazi kwamba wengi hawakupona. Ni kumpa njia ya kuingia na ya kutoka. Mimi hupenda kuanza na watoto waliopelekwa Uingereza kwa treni na meli. Kuanzia Desemba 1938 hadi vita vilipoanza Septemba 1939, watoto karibu 10,000, wengi wao Wayahudi, walitoka Ujerumani, Austria, Cheki na Poland bila wazazi wao. Kila mmoja alivaa shingoni kibandiko chenye namba na alibeba mzigo mdogo tu. Kundi la kwanza lilitua bandari ya Harwich Desemba 2, 1938. Muulize mwanao, "Wewe ungetia nini kwenye sanduku?" Hilo ni swali la kufikiria, na ni tofauti kabisa na kumlazimisha aigize, ambako nitakuja.

Maneno ya umri huu: "Palikuwa na watawala Ujerumani walioitwa Wanazi. Walisema uongo kwamba Wayahudi ni watu wabaya. Waliwatungia sheria mbaya, wakawafukuza nyumbani mwao, na mwishowe wakawaua wengi sana, wakubwa na watoto. Wengine walijificha, wengine walipigana, wengine waliokolewa na majirani. Nchi nyingi ziliungana zikawashinda Wanazi." Ishia hapo. Usitaje gesi. Usitaje vyumba vya kuulia watu kwa gesi vilivyofanywa vionekane kama mabafu. Kuna watoto waliokataa kuoga kwa wiki nzima kwa sababu mtu mzima alitaka kuwaambia "ukweli wote".

Miaka kumi hadi kumi na miwili. Umri huu una hisia kali ya haki, kwa hiyo fundisha sheria. Watoto Wayahudi walifukuzwa shule za serikali Ujerumani Novemba 1938. Kuanzia Septemba 1941 kila Myahudi wa huko mwenye umri wa zaidi ya miaka sita alilazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo. Mwaka 1942 walikatazwa hata kufuga mbwa na paka. Hilo la paka huwaingia kuliko lolote, kwa sababu wanajua paka ni nini, na wanaona kwamba ukatili hauanzi na kambi.

Kisha waletee watu wawili. Wa kwanza ni Janusz Korczak, daktari aliyeendesha kituo cha watoto yatima Wayahudi huko Warsaw kuanzia 1912. Anza na maisha ya kituo: palikuwa na mahakama ya watoto, ambamo mtoto angeweza kumshtaki mwenzake au hata mlezi, na Korczak mwenyewe alishtakiwa humo. Watoto hucheka wakisikia hivyo, na wacheke. Waeleze pia gazeti alilolianzisha mwaka 1926, lililojaa barua na habari za watoto wenyewe. Mwisho wa yote ndipo useme kwamba Agosti 1942 Wanazi walipowachukua watoto wake karibu 200 kuwapeleka Treblinka, alikataa kujiokoa peke yake akaenda nao.

Wa pili ni Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyefungwa Theresienstadt, geto lililokuwa karibu na Prague. Aliwafundisha watoto kuchora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Walichora maua, meza zenye chakula, nyumba walizotoka. Na aliwahimiza watie majina yao kwenye michoro. Kabla hajapelekwa Auschwitz Oktoba 1944, alikouawa, masanduku mawili yenye michoro karibu 4,500 yalifichwa. Yalipatikana baada ya vita, na sasa michoro hiyo imo katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la Prague. Wengi wa waliochora waliuawa. Ila kwa sababu mwalimu wao aliwataka waandike majina, tunajua mchoro huu ni wa nani na ule ni wa nani. Wape watoto penseli, wachore wanachokiona dirishani, na chini waandike jina na umri. Somo hilo halihitaji maelezo mengi. Nimeona chumba kizima kikinyamaza chenyewe.

Kuhusu waokoaji, wasimulie, lakini kwa kipimo. Oktoba 1943 raia wa Denmark waliwavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 kwa mashua za wavuvi hadi Uswidi. Huko Warsaw, Irena Sendler na wenzake waliwatorosha watoto kutoka geto wakiweka orodha ya majina yao halisi, na orodha hiyo ikafichwa ardhini. Israeli imewatambua watu zaidi ya 28,000 kuwa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Hata hivyo, mtoto akisikia waokoaji tu atadhani kila mlango uligongwa na mtu mwema. Haikuwa hivyo kwa wengi.

Miaka kumi na mitatu na kuendelea. Makumbusho ya Holokosti ya Washington hushauri kwamba masomo kamili ya jambo hili yaanze darasa la sita kwenda juu. Mtoto wa Kiyahudi hawezi kusubiri hadi hapo ili aanze kukumbuka, lakini kwa kambi, gesi na vikosi vya risasi, ushauri huo ni mwema na mimi huusogeza mbele hata zaidi. Katika umri huu mpe hati zenyewe, barua, shajara na ramani. Mweleze pia milango iliyofungwa: Julai 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi, na karibu zote zikakataa kuwaongezea nafasi, mwaka 1939 meli St. Louis yenye abiria 937 ilikataliwa Cuba, na Marekani nayo haikuipokea, ikarudi Ulaya. Kijana akishajua hayo hataendelea kuuliza kwa dharau, "Mbona hawakukimbia?"

Hatua ya 5: Mpe jina moja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda na ndiyo ninayoomba usiiruke. Milioni sita ni namba ambayo hata wewe huwezi kuiona kichwani. Mpe mtoto mtu mmoja.

Nenda kwenye tovuti ya Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Jerusalem, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1953. Jina lake limetoka Isaya 56:5, maana yake "kumbukumbu na jina". Hazina yake ya majina imefikia karibu watu milioni 5. Tafuta kwa jina la ukoo wenu, au kwa mji waliotoka wazee wenu. Kama huna mji, tafuta mtoto mwenye umri sawa na mwanao. Nyaraka za Arolsen, Ujerumani, zinazohusu walioteswa na Wanazi, nazo zinafunguliwa bure mtandaoni. Fanya utafutaji huu wewe peke yako kwanza, mtoto akiwa amelala, ili asikutane na picha usizozitaka.

Ukishapata, chukua karatasi ngumu ya ukubwa wa daftari dogo. Mtoto mwenyewe aandike jina, kwa herufi zetu na kwa Kiebrania kama anajua. Chini yake mji, umri, majina ya wazazi. Acha nafasi tupu. Nafasi hiyo ni ya yale mtakayoyapata pole pole: shule, kazi ya baba, ndugu wangapi. Wakati mwingine haijai kamwe, na hilo nalo ni somo. Kwenye jumba la kumbukumbu la Gisozi, Kigali, kuna chumba cha watoto waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Chini ya picha ya mtoto kumeandikwa alipenda kula nini, rafiki yake alikuwa nani. Nilipoingia humo nilimkumbuka mwanafunzi wangu na kadi yake. Mtoto wa Kiyahudi anayeishi Rwanda atasikia Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji hayo, kuanzia Aprili 7, na Yom HaShoah huwa ndani ya wiki chache tu baada yake. Usimwambie kwamba ni jambo moja, na usimwekee mashindano ya maumivu. Mwambie kila watu wana majina yao, na majina yote yanatajwa.

Kama kuna ndugu yenu aliyeuawa na jina lake halimo kwenye hazina ile, jazeni Ukurasa wa Ushuhuda, fomu ya Yad Vashem ya kuandikisha jina, na kuutuma. Kijana wa miaka kumi na mbili anaweza kuandika, babu akimsomea. Na mtoto anayekaribia bar mitzvah au bat mitzvah, sherehe ya kuingia utu uzima wa kidini, anaweza kuishiriki siku yake na mtoto ambaye hakufika umri huo, jina lake likatajwa sinagogini pamoja na lake.

Hatua ya 6: Jioni yenyewe

Isizidi dakika ishirini kukiwa na watoto wadogo. Mimi hupanga hivi. Kabla ya jua kuzama, washeni mshumaa wa kumbukumbu, ule wa glasi unaowaka saa 24. Uweke juu ya sahani ya chuma, mbali na mapazia, na usiku uuhamishie kwenye sinki kavu. Familia nyingine hutumia mshumaa wa umeme na sioni ubaya. Wengine huwasha mishumaa sita kwa wale milioni sita. Kila mtu asome jina lake la kadi, pole pole, kisha kimya kidogo. Mkubwa asome zaburi. Kadishi huhitaji watu wazima kumi, kwa hiyo nyumbani mkiwa wachache zaburi inatosha. Mkiwa kumi, someni. Mweleze mtoto kwamba Kadishi haitaji kifo hata mara moja. Ni sifa za Mungu na ombi la amani, na waombolezaji wameisoma hivyo kizazi hata kizazi.

Kisha imbeni wimbo mmoja anaoujua, wa Sabato au wowote wa nyumbani. Usimpeleke mtoto kitandani moja kwa moja kutoka kwenye ukimya. Mpe chai ya maziwa, mwoneshe picha za harusi ya babu, mwulize habari za shule. Walimu wa Yad Vashem husema mtoto aingizwe salama na atolewe salama. Nusu ya pili ndiyo tunayoisahau.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Israeli kuna desturi ya kukumbuka sebuleni: marafiki na majirani hukusanyika nyumba moja, manusura au mwanawe akasimulia, watu wakauliza. Inafaa sana kwa vijana. Manusura waliobaki sasa wengi walikuwa watoto wakati ule, na ni wazee sana. Waandae vijana kuuliza kuhusu nyumbani, michezo, kaka na dada, na jinsi maisha yalivyoanza upya.

Hatua ya 7: Maswali yatakayokuja

"Kwa nini sisi?" Jihadhari usitoe sababu inayomtwika Myahudi lawama, kama vile utajiri au kujitenga. Sema: "Hakuna walichokosa. Kosa lilikuwa la walioamini uongo na kuua."

"Mungu alikuwa wapi?" Nimewahi kusikia watu wakimjibu mtoto kwamba ilikuwa adhabu. Naomba kwa moyo wangu wote, usiseme hivyo. Sema hujui, na kwamba marabi wakubwa wameuliza swali hilo hilo, na kwamba katika dini yetu kuuliza si dhambi. Ibrahimu mwenyewe alimhoji Mungu kuhusu Sodoma.

"Itatokea tena? Watakuja kwetu?" Mtoto mdogo anauliza kama yuko salama usiku huu. Mjibu hilo: "Uko salama. Mimi nipo, baba yupo, majirani wapo." Mkubwa anastahili zaidi: chuki dhidi ya Wayahudi bado ipo, na wapo watu wengi na sheria zinazoipinga. Usimwahidi usichoweza kuahidi.

"Kwa nini hawakupigana?" Walipigana. Vijana wa Geto la Warsaw, kwa silaha chache, walishindana na jeshi la Ujerumani karibu mwezi mzima. Na aliyefundisha watoto kusoma kwa siri, au kuwasha mishumaa ya Hanuka ndani ya kambi, naye alikataa kushindwa.

Yale nisiyoyakubali

Usiigize. Nilishuhudia darasa moja ambapo watoto wa miaka minane walibandikwa nyota za karatasi ya njano na kukatazwa kutoka kucheza, "ili wajue ilivyokuwa". Hawakujua ilivyokuwa. Walichojifunza ni kwamba nyota ya Daudi ni alama ya aibu. Msichana mmoja alirudi nyumbani akavua kidani chake chenye nyota, zawadi ya nyanya yake, akamwomba mama yake akifiche ndani ya kabati. Ilichukua karibu mwaka kukivaa tena.

Picha za maiti, hapana, hata kwa wa miaka kumi na mbili. Safari za kambini ziwe na umri wake: Makumbusho ya Auschwitz-Birkenau hayashauri walio chini ya miaka 14 kuzuru, na jumba kuu la historia la Yad Vashem si la walio chini ya miaka 10.

Na simu. Kijana wako atakutana na wanaokana Maangamizi, na sasa pia na picha za "wahanga" zilizotengenezwa na akili mnemba, watu ambao hawakuwahi kuishi. Makumbusho ya Auschwitz yenyewe yametoa onyo kuhusu hizo. Kaa naye mkiangalia, mfundishe kuuliza: picha hii inatunzwa wapi? Jina la mtu huyu ni nani? Hakuna jina, hakuna chanzo, ipite.

Hatua ya 8: Kesho yake na wiki zinazofuata

Mtazame bila kumhoji. Ndoto mbaya usiku mmoja au mbili, kutaka taa iwake, ni kawaida. Akianza kutafuta mahali pa kujificha ndani ya nyumba, kufunga mizigo, au kukataa kusema kwamba ni Myahudi mbele ya wenzake, rudi nyuma hatua moja. Punguza habari, ongeza Sabato, nyimbo, chakula, binamu. Ikipita wiki tatu hivi bila nafuu, mwone mshauri wa watoto.

Mshumaa ukizimika, osha glasi yake. Kwetu huwa kikombe cha kuwekea penseli. Kadi usiitupe wala usiiweke ukutani mtoto aione kila siku akiamka. Iweke ndani ya Haggada. Mwaka ujao, mtoto akikifungua kitabu ili aulize maswali yake manne, kadi itadondoka mezani kati ya sahani, na mtu atasema, "Huyu nani?", naye ndiye atakayejibu.